Zeritu wa Nje ya Mlango

Kazi yetu ni viatu. Mgeni akifika mlangoni pa kanisa la Mariamu anavua, anaingia na soksi zake, sisi tunabaki na viatu. Kanisa limechongwa kwenye mwamba mmoja, chini shimoni, na lina milango zaidi ya mmoja. Mgeni huingilia huku akatokea kule, kwa hiyo tunabeba viatu tunazunguka navyo, tunampangia cha kushoto na cha kulia, kisha tunamshika mkono asije akateleza kwenye mawe. Mtu akikwambia hiyo si kazi, mwambie ashinde siku moja na mabuti ya Wazungu puani.

Mimi ni Tiruye, na mdomo wangu hapa Lalibela unajulikana. Mwenzangu ni Zeritu. Tumekaa chini ya ukuta huu mmoja tangu wanangu wadogo mpaka sasa wana watoto wao. Yeye ni mpole mpaka anakera. Mgeni akijisahau akaondoka bila kutoa kitu, Zeritu anainamisha kichwa na kumwombea safari njema, na mimi ndiye ninayeinuka kumfuata mgeni njiani. Ugomvi wa sehemu yetu yote ni wangu, yeye kazi yake ni kunisihi nikae.

Nimechoka, sifichi. Magoti yameisha kwa kupanda na kushuka ngazi hizi. Tangu vita wageni wamekuwa wa kubahatisha, na mahujaji wa nchini wanakuja na viatu vya plastiki ambavyo hawahitaji mtu wa kuvilinda. Tunakaa tu, tunatafuna shayiri ya kukaanga, tunawasikiliza waongoza wageni wakisema maneno yaleyale tuliyoyasikia jana. Siku nyingine naona hata lile jiwe limechoka kutazamwa.

Sasa, Zeritu hakuwa anaingia kanisani. Niliona zamani, lakini sikulitia maanani. Wengi wetu husali uani. Aliyekula asubuhi, mwanamke aliye katika siku zake, mtu anayejiona hayuko safi, wote husimama nje wakabusu ukuta, na hakuna anayewauliza. Zeritu alikuwa anakuja Jumapili na shela yake nyeupe, anasujudu, anabusu jiwe, halafu anakaa. Ukimwambia twende ndani, anasema, "Mimi naangalia viatu." Nani atabishana na mtu anayeangalia viatu?

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Akawa anapanda ngazi mbili anasimama, mkono kifuani. Nikamburuta hadi kituo cha afya, na muuguzi pale akamsikiliza moyo, akaniita mimi pembeni. Akasema moyo wa mama huyu umekuwa mkubwa na umelegea, asibebe vitu, asipande milima. Nikamuuliza, binti yangu, unaijua Lalibela? Hapa hata kwenda chooni ni mlima. Akanipa vidonge.

Tulirudi ukutani kwetu. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Zeritu akainyoosha miguu yake iliyovimba, akasema, "Tiruye, nikifa sasa nitakuwa nimewadanganya watu kwa maiti yangu."

"Unasema nini wewe?"

"Watanibeba, watanisomea sala za mtu wa kanisa. Mimi si mtu wa kanisa. Nilitolewa nje."

Nikamwambia asinitanie, moyo wangu nao si mzima. Lakini hakuwa anatania. Akaanza kusimulia akiwa ameangalia mikono yake, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza.

Ilikuwa mwaka ule wa njaa kubwa. Yeye na mumewe walishuka kutoka milimani kwenda nchi za chini kutafuta chakula, na mume akafia njiani. Akabaki na Sisay, mtoto wa kunyonya, na maziwa yamekauka. Akatembea mpaka akaanguka kwenye ua wa mama mmoja kijijini, mbele ya mji wa Mersa. Mama huyo aliitwa Zeyneba. Tasbihi ilikuwa imetundikwa ukutani. Zeyneba akamletea bakuli la mchuzi wenye nyama, na Zeritu akanywa, akatafuna, siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka maziwa yakarudi.

Kwetu hilo si jambo dogo. Tunaishi pamoja na Waislamu, tunaazimana ng'ombe wa kulimia, tunazikana, tunachezeana harusi. Lakini kisu, kila mtu na chake. Wao hawali tulichochinja sisi, sisi hatuli walichochinja wao, na aliyekula amejitoa mwenyewe kwenye dini yake. Hilo mtoto wa hapa analijua kabla hajajua kuhesabu.

"Niliporudi nikamwambia baba yangu wa roho," akasema. Huyo alikuwa marehemu Aba Wolde-Tinsae, padri aliyekuwa akiungamisha nyumba yao. "Akaniuliza, unajuta? Sikujibu. Akasema, kaa nje ya mlango mpaka ujute, siku utakayojuta uje uniambie. Kila mwaka aliniuliza, na kila mwaka nilinyamaza. Halafu akafa."

"Ulikuwa unanyamaza kwa nini? Si ungesema tu unajuta yakaisha?"

"Nijute nini, Tiruye? Sisay alikuwa ananyonya ile nyama."

Sisay ni dereva wa lori kule Dessie, ana watoto na sauti kubwa, akipiga simu huhitaji kuiweka sikioni. Nikamuuliza tu, mbona hukumwambia Aba Fentaw, padri anayeihudumia nyumba yako tangu yule afe? Anakuja kwako, anakunywa kahawa, anakunyunyizia maji ya baraka.

"Ataniuliza swali lilelile."

Nilikasirika, sisemi uongo. Nilimkasirikia Aba Wolde-Tinsae kaburini kwake, nikamkasirikia yeye kwa kukaa karibu nami miaka yote hiyo na mzigo wa namna hii bila kuniambia. Kumbe ndiyo maana alichagua kazi ya viatu. Ni kazi pekee inayokuweka mlangoni pa kanisa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hakuna atakayekuuliza mbona huingii. Nikamwambia, "Inuka. Tunakwenda kwa Aba Fentaw sasa hivi."

"Nimechoka."

"Mimi pia nimechoka. Inuka."

Tulimkuta shambani kwake, anapepeta teff, ile nafaka ndogo ya kupikia injera, kichwa kizima kimejaa makapi. Ni mzee kama sisi, ana mke mgonjwa na nyumbu mkorofi, na makanisa mawili ya kuhudumia. Alifurahi kupata sababu ya kukaa chini. Zeritu akapiga magoti, nami nikasogea pembeni, lakini si mbali sana. Masikio yangu bado yanafanya kazi.

Akamwambia yote. Padri akasikiliza akiwa ameshika msalaba wake wa mkononi, anaugeuza. Alipomaliza, akauliza kama alivyosema atauliza. "Unajuta?"

"Sijuti, baba."

Nikashindwa kuvumilia. "Neno moja tu, Zeritu. Liseme tuondoke."

Hata hakugeuka. "Mpigie mwanao wewe, umwambie unajuta kwamba yuko hai. Kisha mimi nitasema."

Aba Fentaw akaniangalia kwa jicho la kunitaka nifunge mdomo. Akajipangusa makapi usoni. "Zeritu, mimi si mtu mgumu kama marehemu. Lakini siwezi kumwondolea mtu dhambi anayosema hataki kuiacha. Ungekuwa padri ungefanyaje?"

"Ningemwacha nje," akasema.

Wakakaa wote wawili, wazee waliochoka, katikati ya makapi. Niliona tumefika mwisho, kwamba atarudi ukutani kwake na pale atakufa, na mimi nitakuwa nimeshika viatu vya mtu.

Ndipo padri akauliza, taratibu, "Hakuna lolote la mwaka ule unalolijuta?"

Zeritu akafikiri. "Lipo. Nilipopata nguvu za kutembea niliondoka alfajiri, yule mama akiwa kwenye sala zake. Sikumuaga. Niliogopa atanifungia nyama nyingine ya njiani, na nilijua nitaichukua. Sikurudi kumwambia asante. Mama yule alinipa mtoto wangu na mimi nikamtoroka kama mwizi."

"Hilo unalijuta?"

"Kila siku, baba."

"Basi tuanze na hilo. Nenda kamshukuru. Ukirudi tutazungumza."

Nikamjia juu. Nikamwambia, baba, huyu moyo wake umelegea, muuguzi amesema asipande hata kilima, nawe unampeleka Mersa? Akifia kwenye basi? Aba Fentaw akanijibu kwa sauti ya chini kwamba si yeye anayempeleka. Nilipogeuka, Zeritu alikuwa ameshasimama, anajifunga shela.

Tukaenda. Basi lilizungukazunguka mlimani na Zeritu akalala begani kwangu, mdomo wazi, na kila baada ya kona namwekea kiganja puani nione kama anapumua. Tukalala Woldiya kwa binti ya dada yangu. Kesho yake tukafika Mersa, tukachukua bajaji hadi kile kijiji. Mwenye bajaji alikuwa kijana, hajasikia habari za Zeyneba yeyote. Tukauliza kwa wauza mboga, wakatuelekeza kwenye ua wenye mti wa mpapai.

Zeyneba alikuwa amekufa siku nyingi. Aliyetoka kutupokea alikuwa binti yake, Ansha, mwanamke mnene mwenye mitandio miwili na sauti ya kuamuru. Hakutuuliza sisi ni nani. Alituketisha, akawasha mkaa, akaanza kukaanga kahawa, na alipofika kwenye kikombe cha pili ndipo akauliza tumetoka wapi.

Zeritu akamwambia. Akasema, nilianguka hapa kwenye ua wenu mwaka wa njaa, nina mtoto mgongoni, mama yako akanilisha, nikaondoka bila kuaga. Nimekuja kumshukuru.

Ansha akacheka kidogo. "Mwaka ule walianguka wengi, dada yangu. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa nachota maji mpaka shingo inataka kukatika. Mama alimaliza mbuzi wote wa baba, mmoja mmoja. Baba alikaa hasemi naye. Alikuwa akitaka chumvi anamwambia paka."

Hata Zeritu akacheka. Halafu Ansha akainuka, akachungulia juu ya ua na kuita, "Wee mwana wa Bogale, njoo na kisu chako. Nina wageni wa kwenu, kuna kuku wa kuchinja."

Zeritu akauliza kwa nini anamwita jirani.

"Wewe si Mkristo? Nikuchinjie mimi, ukale, halafu urudi kwenu na dhambi yangu? Mama angenifufukia." Akaketi tena, akachochea mkaa. "Ndiyo desturi ya nyumba hii. Hata mwaka huohuo wa njaa. Wageni Wakristo alikuwa anawachinjia baba yake huyu, mzee Bogale, mfumaji. Mama aliweka vyungu viwili, chenu pale karibu na mlango, chetu kule nyuma, na mimi nilichapwa siku niliyochanganya miiko. Bogale mwenyewe hakuweza kusimama kwa njaa. Mama alikuwa anamshika kiuno asianguke, ili achinje mwenyewe kwa mkono wake."

Kikombe changu kikasimama njiani. Nikamwangalia Zeritu. Alikuwa ameinamisha uso, shela imemfunika nusu, na sikuweza kujua anafikiri nini.

"Yaani ilikuwa ya kwetu wenyewe," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. "Zeritu, unasikia? Uliyokula ilikuwa ya Kikristo. Umekaa nje maisha yako yote bure. Ungeuliza tu. Ungemuuliza yule mama neno moja."

"Ningemuuliza, akiniambia ni ya kwao, ningeacha kula," akasema. "Na mtoto angekufa. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa."

Ansha alikuwa anatutazama, haelewi. Nikamweleza kwa kifupi. Akaweka chini kijiko chake, akajifunika mdomo kwa mtandio, akakaa hivyo.

Zeritu akamshika mkono. "Alikuwa anamshika kiuno?"

"Hivi," Ansha akasema, akainuka akaonyesha, mikono miwili kuzunguka hewa tupu. "Na yeye mwenyewe mifupa mitupu."

"Nionyeshe tena."

Akamwonyesha tena. Zeritu akaanza kulia, bila sauti, na akasema, "Nilikuja kumshukuru kwa chakula, kumbe hata nusu ya aliyonitendea sikuwa naijua." Tukalia wote watatu, na mwana wa Bogale akaja na kisu chake akatukuta hivyo, akadhani kuna msiba, akavua kofia.

Tulikula kuku yule na mkate wa injera. Zeritu alikula vizuri kuliko nilivyomwona akila kwa miezi. Mimi nilikula kwa hasira, lakini nilikula.

Tuliporudi, alienda kwa Aba Fentaw mwenyewe, mimi nikamshika tu kwapa. Padri alipolisikia lile la Bogale, aliketi kwenye jiwe la mlangoni pake. Kisha akasema, "Kwa hiyo dhambi haikuwepo."

"Ilikuwepo, baba. Nilikula nikijua ni ya kwao."

Nilitaka kumfinya. Aba Fentaw akajisugua macho. "Mwanamke wewe, unataka nikuache nje mpaka lini?"

"Wewe ndiye padri."

"Na mimi nimekunywa kahawa nyumbani kwako miaka yote hii," akasema, "nikitazama kama kuna bisi za kutafuna, nikitazama kama kahawa ina tangawizi. Sikukuuliza hata siku moja mbona sikuoni ndani. Nani kati yetu alale nje?" Akainuka kwa taabu, akamwekea msalaba kichwani. "Umeshukuru?"

"Nimemshukuru binti yake. Na kaburini nilikwenda."

"Inatosha." Akamsomea sala, na ilikuwa ndefu, na mimi nikainamisha kichwa hata kama sikuitwa. Alipomaliza akamwambia, "Jumapili uje kwenye komunyo. Usile chochote kuanzia jioni ya Jumamosi, na umeze vidonge vyako mapema. Usinifie Ijumaa."

Hakufa Ijumaa. Jumapili nilimfuata nyumbani kungali baridi, nikamkuta ameshavaa, amekaa kitandani anahema. Tukashuka zile ngazi moja moja, tukipumzika kila mahali pa kukaa. Mke wa Aba Fentaw, mgonjwa naye, ndiye aliyempokea mlangoni. Zeritu akavua viatu vyake vya plastiki. Akainama kukibusu kizingiti kama alivyozoea, na akabaki pale pale ameinama, kwa sababu mwili wake haukujua kinachofuata baada ya hapo. Watu wakasongamana nyuma yake. Mama mmoja akanung'unika, "Bibi, ingia au toka, tunaganda." Akainua mguu akaingia.

Mimi nilikaa ukutani. Nilikuwa nimeamka mapema mno na mgongo unaniuma, na sikuwa na mtu wa kumlalamikia. Jua lilipofika chini shimoni, akaja yule mwongoza wageni mrefu na watu wake wawili, akawaonyesha mahali pa kuvua, akaangalia huku na huku.

"Mama Tiruye, mwenzako yuko wapi leo?" akauliza. "Anaumwa?"

"Yuko ndani," nikamwambia.